Maandamano Yaliyokata Kona Kabla ya Dirisha Lako, Mama

Mama, mwaka umezunguka tangu utuache, na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo imerudi na shamrashamra zake. Kamati ya maandamano inapiga pasi majoho. Tunawatazama, tunasonya.

Wewe ndiye uliyekuwa ukifua vitambaa vya altare. Maji ya kusuuzia ya kwanza hukuyamwaga mtaroni hata siku moja. Uliyamwaga kwenye udongo safi nyuma ya nyumba, maana huenda chembe ya Mwili wa Bwana imebaki kitambaani. Ukitukuta tunacheza pale, tulikiona cha mtema kuni. Vidole vyako vilinukia sabuni ya mche hata mezani.

Ukiulizwa maana ya sikukuu hii, hukuhubiri. Ulisema siku nyingine sisi tunamfuata Yesu kanisani. Siku hii anatoka mwenyewe, katika Ekaristi inayobebwa mitaani, kuwatafuta wasioweza kwenda. Basi.

Ndiyo maana, miguu ilipokukatalia, uliomba kitu kimoja tu: maandamano yapite uchochoroni kwetu. Mwenyekiti wa kamati, yule muuza magodoro, akaja na kitambi chake kukueleza kwamba uchochoro una matope, na Sakramenti inataka heshima.

"Aliyezaliwa zizini haogopi matope, mwanangu," ulimjibu. "Sema ni viatu vyako."

Alicheka, akaaga. Siku yenyewe tulikuegemeza dirishani, shali mpya mabegani. Nyimbo zilikaribia, kisha zikakata kona kuelekea barabara ya lami, kwenye nyumba za mazulia na soda. Ulifanya ishara ya msalaba ukizielekea huko huko. Wiki ile ile ukafa. Heshima gani hiyo ya kumficha Mungu asikutane na wagonjwa? Debe tupu haliachi kuvuma.

Sasa wametuma ujumbe: mwaka huu watasimama mlangoni petu, mbele ya picha yako, wakuenzi. Wamechelewa, na hawana haya. Baba aliwajibu akiwa bado na mkasi mkononi:

"Mke wangu hangoji tena. Nyumba ya tatu yuko fundi viatu, amepooza. Piteni kwake. Mkishindwa, bakini na lami yenu."

Hawajajibu. Siku hiyo mlango wetu utafungwa. Sote tutakuwa kwa fundi viatu, tumemkalisha dirishani.

Unakumbukwa na mumeo kinyozi, wanao muuguzi na dereva wa lori, wakwe, wajukuu, na uchochoro mzima. Umo mioyoni mwetu, Mama, siku zote.