Mashine ya Volti Mia Moja

3 Machi

Dada,

Hujambo wewe na redio zako zote? Mimi mzima, isipokuwa mgongo, maana hapa ghalani ni kubeba makasha kutwa nzima.

Mwenzangu wa kazini anakuja huko, nimempa boksi la mwanangu Chiriku. Ni mashine ya gemu, mtumba lakini safi. Barua za mtoto siku hizi ni "mimi na Mama tumefunga spika, mimi na Mama tumelehemu waya." Tangu mama yake afariki umemlea mpaka shangazi umekuwa Mama, nami nashukuru. Lakini mwanangu haniulizi tena narudi lini, na sitakuficha, inaniuma. Basi safari hii acha na mimi nitajwe kidogo. Mambo ya umeme utayaangalia wewe, fundi wetu.

Nikija likizo Juni tutacheza wote.

Mdogo wako

21 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima. Mashine yako imeungua siku ileile, ilitoa mlio kisha moshi. Mtoto hakuumia. Amelia sana, anasema baba kamletea kitu kibovu. Amerudi kwenye benchi langu, tunamalizia spika.

Dada yako

10 Aprili

Dada,

Afya yako? Yangu ipo, moyo ndio haupo. Nimemwandikia Chiriku barua mbili, kimya.

Nilirudi dukani. Muuzaji akanishangaa: mashine ni ya volti mia moja, umeme wa huku. Kwetu ni mia mbili arobaini, ilitaka transfoma ya kushusha umeme. Wewe ungejuaje, na boksi zima limeandikwa lugha ya huku? Kosa ni langu, ningemchoma mwanangu mwenyewe. Likizo ya Juni nimeirudisha kwa msimamizi. Nije kumwona nani?

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali, maana aliyekuharibia hali ni mimi.

Namba hazina lugha. Kibandiko cha volti mia moja nilikisoma kabla mtoto hajamaliza kuchana boksi. Transfoma ilikuwa rafu ya pili, ningenyoosha mkono tu. Lakini alikuwa akirukaruka, "Baba! Baba kanikumbuka!", na spika yetu kaisukuma pembeni. Wivu ulinipanda mpaka masikioni. Akatia adapta kwenye plagi, akaniuliza, "Mama, nichomeke?" Mimi, fundi kwa miaka kumi na tisa, najua adapta inabadilisha miguu ya plagi tu, umeme haiugusi. Nikamwambia, "Chomeka."

Nilidhani itakatika fyuzi, basi. Kumbe kapasita, kile kikopo cha kutunza chaji ndani ya mashine, ikapasuka, na angeinama kidogo ingemrukia usoni. Hata hivyo aliporudi kwenye benchi nilifurahi, nisikudanganye. Wiki zile nilikuwa na mtoto peke yangu. Barua yako ya kurudisha likizo ndiyo iliyonikata maini.

Nimebadilisha vyote vilivyoungua, nimeiunganisha na transfoma yenye wati za kutosha, inawaka vizuri. Kisha nikamweleza yote. Akaniuliza, "Ulijua?" Nikasema nilijua. Akainuka akaenda zake, na tangu Jumapili hanisemeshi. Chiriku huyuhuyu, asiyenyamaza hata akila!

Mwombe msimamizi akurudishie Juni. Ukija kumchukua, sitakuzuia.

Dada yako

23 Mei

Dada,

U mzima? Mimi nilikasirika siku tatu, nikavunja na kikombe cha watu. Nilikuandikia barua mbaya, bahati yako nilikosa stempu.

Halafu ikaja barua ya Chiriku. Mashine inamfurahisha, na ananiamuru nije Juni bila visingizio. Msimamizi amekubali, amenung'unika lakini amekubali. Kuhusu wewe mtoto ameandika mstari mmoja tu. Nimeusoma mara nne, na kila nikiusoma wivu unanishika upya:

"Baba, usimgombeze Mama. Nitamgombeza mwenyewe."

Mdogo wako