Kila Spana na Umbo Lake

Jumatatu, 4 Machi

Tumeikosa mashine ya hospitali leo. Mkanda wa feni ya gari ulikatika jana jioni. Mpya tunao, umening'inia msumarini tangu mwaka jana. Kilichokosekana ni spana. Namba kumi na nne! Nimepekua gereji tangu alfajiri: chini ya meza, ndani ya makopo ya rangi, katikati ya matairi mabovu. Mume wangu, Baba Pacha, amekaa mlangoni na blanketi lake, ananielekeza. Iko kushoto. Si kushoto hiyo, kushoto ile nyingine! Miaka thelathini ya ufundi, na kila kitu kimepangwa kichwani mwake tu.

Teksi huku kwetu ni za kuomba Mungu. Jirani mwenye gari kahama.

Saa nne muuguzi akapiga simu. Nafasi yetu ya kusafishwa damu amepewa mgonjwa mwingine, tujaribu kesho mchana. Miguu ya Baba Pacha imevimba. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki.

Nimechoka. Si mwili tu.

Jumanne, 5 Machi

Spana imepatikana. Ilikuwa ndani ya buti lake la kazi. Buti la kushoto!

"Si nilikwambia kushoto?" anasema.

Nimecheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea yenyewe.

Kufunga mkanda: dakika thelathini na tano, yeye akitaja, mimi nikikaza. Kutafuta spana: siku moja na nusu. Siku moja na nusu sumu inazunguka kwenye damu ya mtu. Daktari kanivuta pembeni. Figo zimeshaaga, anasema, sasa ni moyo unaobeba yote. Jumatatu na Alhamisi, mama, msiruke tena.

Njiani kurudi nikimtazama kalala kwenye kiti, mdomo wazi, nimeamua. Gereji ile ama itanyooka, ama itaniulia mume.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeanza. Shemeji, mdogo wake Baba Pacha, ni mchomeleaji. Kaleta meza ya chuma aliyoiunga mwenyewe, jiliwa la kubania vyuma, stendi nne za kuegemezea gari na taa ndefu ya kuning'iniza. Kaniuliza mara mbili kama kaka yake anajua. Nikasema atajua.

Kila kitu nimekitoa uani, juu ya turubai. Bisibisi ishirini na tatu. Nyundo saba! Jeki mbili, moja marehemu. Panya mmoja, hai. Nati nazitenga kwa ukubwa kwenye makopo. Mgongo unawaka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema. Hawakusema atainukaje.

Jumapili, 10 Machi

Wifi kaja kumwona kaka yake. Kasimama uani, mikono kiunoni, akatazama vyuma vilivyoanikwa.

"Kumbe unagawa mirathi, na mwenyewe bado anapumua?"

Nikaendelea kupanga nati. Wifi ni wifi. Ila Baba Pacha alikuwa dirishani, kasikia. Chakula cha mchana hakugusa.

Alasiri nikampelekea maji yake, yale machache anayoruhusiwa. Kasema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma: vitu vya fundi hupangwa akishafukiwa. "Ungenisubiri kidogo."

Nikamwambia napanga ili nisikufukie.

Turubai bado liko nje.

Jumatano, 13 Machi

Sijui kilichombadilisha. Labda makelele yangu ya nyundo. Katoka na mkongojo mpaka gerejini, kaangalia ubao niliopigilia ukutani, kaguna. Eti nimepanga kama mtu anayepanga sahani kabatini. Zinavyopendeza, si zinavyotumika!

Basi panga wewe, nikasema.

Akaomba chaki.

Vya kila siku viwe usawa wa kifua, mkono wa kulia. Vizito chini. Vya umeme peke yao, mbali na grisi. Kisha akachora kila spana umbo lake palepale inaponing'inia. Mkono unatetemeka, lakini mstari wake! Sijui ameupata wapi. "Kikiondoka," anasema, "mahali pake patakuambia." Kachora robo saa, kalala saa mbili. Kalala akitabasamu. Muda mrefu sijaliona tabasamu hilo.

Jumapili, 24 Machi

Breki za mbele zililia jana njia nzima tukitoka sokoni. Kesho ni mashine. Zamani ningelia nazo.

Saa tatu kasoro robo nimefungua gereji. Jeki, stendi, magurudumu mawili nje. Pedi mpya rafu ya pili, brashi ya waya chini yake, taa juu ya kichwa. Baba Pacha kwenye kiti chake, anataja, nashika. Hakuna kutafuta! Mkono unajiendea kama jikoni, unavyojua chumvi ilipo. Saa nne na dakika tano nakanyaga breki. Kimya.

Saa moja na dakika ishirini. Mwezi wa Novemba kazi hii hii ilituchukua siku mbili, na nilisahau boliti moja juu ya bampa.

Nikamtazama, nangoja sifa.

"Umefuzu, fundi," akasema. Halafu kama anajisemea: zamani gari likifa, nami nilikuwa napata siku mbili za kukaa nyumbani.

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 28 Machi

Mashine. Saa nne nzima kitini. Karudi anatetemeka, mkono wa sindano umekuwa mweusi mpaka kiwiko. Katapika mara tatu. Pacha wetu wamepiga simu, mmoja baada ya mwingine, wote wawili wako mbali. Nimewaambia baba mzima, gari zima.

Kiuno changu nacho kinauma.

Alhamisi, 4 Aprili

Naandika humu gerejini, nimekaa juu ya ndoo. Grisi inachafua ukurasa, basi.

Asubuhi hii tairi la nyuma limelala chini. Sikushtuka. Spea ina upepo, niliipima jana mwenyewe. Kazi ya dakika kumi na tano, tuondoke. Nimezungusha mkono tairi zima, hakuna msumari. Ila kifuniko cha vali ya kujazia upepo kimewekwa sakafuni. Kimewekwa, hakikuanguka. Kimesimama wima.

Nikaenda ubaoni. Kila chombo mahali pake, isipokuwa umbo moja. Msalaba mtupu. Spana ya tairi.

Mwezi uliopita ningepekua mpaka jioni, nikijilaumu. Leo nilisimama tu mbele ya chaki yake.

Yuko mlangoni, kwenye kiti. Blanketi magotini limeinuka pembe.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Nipe."

Akatikisa kichwa. "Leo tu, Mama Pacha. Sisemi siku zote. Gari hili sasa haliugui hata siku moja. Mimi nitapumzika lini?"

Nilitaka kumfokea. Badala yake nikamkumbusha ya daktari, ya moyo. Anayajua. Kayataja mwenyewe, neno kwa neno, kuliko hata nilivyoyashika mimi. "Mwambie muuguzi gari bovu," akasema. "Watatuelewa. Walikuwa wakituelewa."

Simu ikaita. Muuguzi. Mko njiani, mama? Nikasema tairi limeisha upepo. Si uongo. Mtachelewa sana? Nikawa najua jibu mpaka dakika, na nikashindwa kulitoa. Nikasema nitampigia baada ya dakika kumi.

Boksi la soketi liko usawa wa kifua, mkono wa kulia. Namba kumi na tisa, ya nati za tairi, imo, na upau wa kuizungushia umo. Ile ya chini ya blanketi siihitaji. Naye anajua, ndiye aliyelipangia boksi mahali pale. Kaniona nikiitoa. Kafunga macho, mikono juu ya blanketi, na ule mkono mweusi uko juu ya mwenzake.

Zimebaki dakika nne nimpigie muuguzi. Soketi iko kiganjani, imeanza kupata joto.