Kiganja cha Baba Yake Kornel

Ngollo, mzee Damas kakataa mkono wangu. Nimeunyoosha kumuaga, mzee akaficha wake mgongoni.

Nikamuuliza, "Nimekukosea nini?"

Akasema ni mambo ya mwaka hamsini na sita, enzi za Mwingereza, alipokuwa akitunza maktaba ya shule ya kati hapa Tabora. Aliyechelewesha kitabu aliitwa mstarini, akachapwa fimbo mbili za kiganjani.

Siku hiyo Damas akaita, "Kornel Lugembe."

Akarudia. Akajitokeza baba yake, mzee wa Sikonge, vumbi hadi magotini, kitabu kakifunga kwa kanga.

"Kornel tumemzika Jumatano, mwalimu. Kitabu hiki hapa."

Halafu akanyoosha kiganja. Akangoja, Ngollo. Akangoja kuchapwa.

Tangu hapo, kila kiganja kinachonyooshwa Damas anaona kile.

Na mimi nilikuwa naaga tu.