Mrija wa Shangazi

Mjukuu wangu Amoding,

Hapa Kwapa, mpakani upande wa Uganda, hatujambo, na wimbi tumeshavuna. Umesema huko kazini wanakuuliza uhuru wetu ni upi, wa Uganda au wa Kenya.

Nilipokuwa msichana, Uganda ikisherehekea uhuru, shangazi yangu alivuka kutoka kwake Kenya na mrija wake mrefu wa pombe begani. Jirani akamtania, "Hii si sikukuu yenu." Shangazi akatia mrija chunguni, akavuta, kisha akamjibu, "Chungu ni cha kaka yangu. Sikukuu ya kwetu ikifika, njooni na mirija yenu."

Ilipofika, jirani ndiye aliyetutangulia njiani.

Waambie una sikukuu mbili za uhuru, waone wivu. Mrija wako nimeutundika jikoni. Chagua sikukuu yoyote, mradi uje.

Nyanyako