Niliachia Kabla Hajashika

Jumatatu, 4 Machi

Afisa utumishi wa kiwanda kanifuata chumba cha pasi, mimi jasho tupu, mvuke kila kona. Jumanne ijayo kuna semina ya wasimamizi: uongozi, tujifunze kwa wanamichezo wakubwa. Anataka nizungumze. Nikamwambia sisi tulidondosha kijiti kwenye fainali ya mbio za kupokezana, nchi nzima ikatuona. Akasema ndiyo hasa anachotaka — Nahodha wetu alivyosimama mbele ya waandishi akasema, "Kosa ni langu, mwingine asilaumiwe." Eti hilo ndilo somo la kwanza la kiongozi.

Nimekubali. Mdomo huu!

Jumatano, 6 Machi

Hotuba haiendi. Mbio zenyewe ni rahisi kueleza. Wa nne hageuki nyuma. Anaanza kukimbia, mkono kaunyoosha nyuma, anakuamini tu. Wa tatu anaita "Shika!", anakiweka kijiti kiganjani, na haachii mpaka asikie kinavutwa.

Wa tatu nilikuwa mimi. Wa nne, Nahodha.

Niliachia kabla hajashika. Niliita, nikaachia hapo hapo, kwa woga. Basi, nimeandika. Miaka ishirini na miwili sijamwambia mtu. Kamera ilikuwa upande wa pili. Kwenye televisheni ilionekana mikono miwili na kijiti kinadunda chini. Tunajua mimi na yeye.

Hotuba nimeichana. Ukurasa huu nauacha.

Ijumaa, 8 Machi

Baada ya kazi nilipitia hospitali alikolazwa Nahodha. Kabaki mifupa. Muuguzi alipomharakisha ameze dawa, akamwambia taratibu mwanangu, mimi nilishastaafu mbio. Tukacheka wote watatu.

Muuguzi alipotoka nikamweleza habari za semina. Nikasema safari hii nitasema ukweli. Akajigeuza kunitazama. Halafu akaniuliza kwa nini niliacha kukimbia.

Nikasema goti.

Akasema goti langu analijua, halikuwa na shida yoyote. Yeye ile ilikuwa fainali yake ya mwisho, mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Alijitwisha lawama ili mimi nirudi uwanjani. "Na hukurudi hata siku moja, mdogo wangu."

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angenitukana. Nilimkanda miguu mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Ile miguu! Imekuwa myembamba, kiganja kimoja kinaizunguka.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefua, nimeanika, nimeanua. Nguo zote bado mbichi. Nimezianika tena.

Jumatatu, 11 Machi

Afisa kabandika bango mlangoni pa ukumbi. Picha ya Nahodha, ameinamisha kichwa, chini yake herufi kubwa: KUBALI KOSA LAKO. Wasichana wangu wa pasi wakaniuliza, ulikuwa uzembe au bahati mbaya? Nikajibu bahati mbaya. Mwongo mimi, mpaka leo.

Mchana binti wa Nahodha akapiga simu. Mama hasemi tena tangu asubuhi. Macho anafumbua, maneno hakuna. Nilienda stoo nikalia kati ya marobota ya vitambaa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili ya kumwomba msamaha.

Jumanne, 12 Machi

Niko ukumbini, kiti cha nyuma, naandikia magotini. Hotuba sina. Afisa anaongea mbele, bado hajanifikia.

Binti kaja! Nilidhani yuko hospitali. Anasema jana alfajiri, kabla sauti haijakatika, mama yake alimwambia jambo moja: nenda kamsikilize mama mdogo.

Kakaa kando yangu. Ananisimulia kwa sauti ya chini. Shuleni walikuwa wakimwita Kijiti. Siku moja, ana miaka kumi na mbili, alirudi nyumbani akamwambia mama yake umetuaibisha. Mama yake hakujitetea. Aliendelea kukunja nguo. Binti hajawahi kumwomba radhi, na sasa hajui kama anasikia.

Ningeweza kumwambia hapa hapa. Kalamu inakwenda, mdomo hauendi.

Afisa ametaja jina langu. Watu wanageuka, wanapiga makofi. Binti kanishika mkono, ananiuliza, mama mdogo, kwani mama alikosea wapi hasa?