Merkire si Dawa ya Kidonda

Mama,

Minye Odile wako. Hofu hii nakuletea weye kwa sababu kila mtu aliye hai nikimwambia ataniangalia usoni, na uso huo siwezi kuuvumilia.

Tangu ulipotuacha, beseni moja la samaki uliloniachia limekuwa meza mbili sokoni Likasi, na frigo ya kuwagandisha. Hakuna aliyenisaidia, unajua. Samaki wanatoka ziwa la Tshangalele kama zamani, na wakubwa ndio wanaokwisha kwanza.

Unakumbuka wale watu waliokuja ziwani kutuambia kuna "merkire" mu maji? Tulikuwa kwenye vichanja, tunageuza samaki juu ya moshi. Ulicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. "Merkire? Shi ile dawa mwekundu ya bidonda! Basi samaki bapone!" Na minye nilicheka, Mama. Chupa ile ya merkirokromu, tuliyozoea kuiita merkire, ilikaa juu ya kabati letu. Ulinipaka magotini kila nilipoanguka. Nani angeogopa dawa ya utotoni mwake? Soko zima lilishika maneno yako. Mteja akiuliza, tunamjibu: wetu wametibiwa tayari.

Wiki hii muuguzi wa kituo cha afya alinieleza polepole. Si dawa ile. Merkire ya ziwani ni zebaki, sumu, haionekani, hainuki. Moshi hauiondoi, chumvi haiiondoi, hata uchemshe mara tatu. Samaki mdogo anabeba kidogo. Kambale anameza wadogo wengi, na sumu ya wote inabaki ndani yake. Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshapiga hesabu. Akaongeza neno moja tu: hatari kubwa ni kwa mwenye mimba.

Mama, Fideline wangu, mjukuu wako, ana mimba ya miezi sita.

Ulituachia amri kwamba kichwa cha kambale mkubwa ni cha mwenye mimba, nami nikaishika. Kila Jumatano na Jumamosi nilimpa kimoja. Wiki kumi na nane tangu tujue ana mimba, vichwa thelathini na sita. Nimehesabu mara nne nikitafuta kosa. Hakuna. Nilivichagua mwenyewe, nikawanyima wateja. Siku nyingine alisema ameshiba, nikamsukumia sahani: "Kula, hii haiko yako, ni ya mutoto."

Ni ya mutoto! Nilisema hivyo kwa kinywa changu.

Na wewe je? Mwaka wako wa mwisho vidole vilitetemeka, vikashindwa kufunga mafungu ya samaki. Tukasema uzee. Ulikuwa na miaka hamsini na saba tu. Muuguzi hajui kama ilikuwa sumu hii, nami sijui.

Wanaosafisha madini kule juu ya mto unaoingia ziwani, sumu inakotoka, wanaonyeshana vidole. Wale waliotujia ziwani walisema neno moja la Kifaransa, wakapanda gari yao. Hawakuuliza tumesikia nini. Hasira yangu ni kwao, si kwako. Kwako… kidogo. Nisamehe.

Leo asubuhi niliwafukia kambale wote wa frigo. Wenzangu wakapiga kelele: "Muone Odile, amekuwa muzungu, anaogopa dawa!" Walicheka kicheko chako kabisa.

Fideline hajui bado. Jana alipita mezani, akauliza kichwa chake kiko wapi. Nikasema kambale wamekwisha. Akashika tumbo, akacheka: "Mutoto atakukasirikia, Mama." Nikajifanya natafuta kisu.

Muuguzi amesema nywele zinaweza kupimwa, zionyeshe sumu iliyoingia mwilini. Kesho saa mbili asubuhi nampeleka Fideline kituoni. Ninaogopa jibu, lakini zaidi ninaogopa ile njia ya kutoka nyumbani mpaka pale, sisi wawili.

Pumzika, Mama, minye siwezi bado. Nakuahidi hatutavuka mlango kabla sijamwambia. Sitasema ni maji. Sitasema ni wewe. Nitasema: ni minye nilikulisha. Kisha, akikubali kunishika mkono, tutaenda.

Odile