Meli Inayolalia Kushoto

Jumatatu, 3 Juni
Baridi. Kortini asubuhi, kesi ya shamba imeahirishwa tena. Mchana mvua ya mawe Konoin. Nimepiga picha za chai iliyochanika, nikatuma habari. Kisha nikampigia Kibet, kama kila jioni.

Ndugu yangu bado yuko peke yake kwenye ile meli ya makontena, imetia nanga nje ya bandari moja ya Ghuba. Mwenye meli ametoweka. Mabaharia wengine wamerudishwa kwao. Korti ya huko ilitaka abaki mtu mmoja wa kuilinda, na yeye, fundi wa umeme kutoka Kimulot, akakubali. Dizeli imeisha. Simu anachaji kwa sola.

Leo amesema meli imeanza kulala upande. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Jumanne, 4 Juni
Nimempata mhandisi mstaafu, yuko Mombasa, aliyefanya kazi kwenye meli za aina hiyo. Zilijengwa kadhaa kwa mchoro mmoja. Fupi, pana, hazizami sana majini. Kazi yake ni kuchukua makontena kwenye meli kubwa na kuyapeleka bandari ndogo zisizo na kreni. Kwa hiyo zinabeba kreni zao mbili. Zote mbili zimesimama upande wa kushoto, ili sitaha ibaki wazi kwa mizigo. Meli ikiwa tupu, kreni zinaivuta kushoto. Dawa yake ni kujaza maji ya bahari kwenye matangi ya kulia.

"Zikiwa kazini ni meli nzuri," amesema. "Bila kazi ni ng'ombe wa pembe moja."

Nikauliza, maji yakivuja? Unapiga pampu. Na bila umeme?

"Dada, kuna mtu huko ndani?"

Nimesema yuko. Hakutania tena.

Ijumaa, 7 Juni
Valvu ya matangi ya kulia inavuja. Kibet amening'iniza nati kwa uzi ukutani na kuchora mstari. Kila asubuhi uzi uko mbali zaidi na mstari. Amehamishia kulia kila kinachobebeka: minyororo, mapipa ya rangi, magodoro. Magodoro! Anajua ni upuuzi.

Nimeandika habari. Mhariri ameikata ikabaki aya tatu, chini ya bei ya viazi Londiani. Ningefanya vivyo hivyo kama asingekuwa ndugu yangu.

Jumapili, 9 Juni
Sikwenda kanisani. Simu za bandarini tangu asubuhi. Mwishowe afisa mmoja amekubali. Mashua itamchukua, korti imearifiwa, hatashtakiwa. Nimelia jikoni. Nikanawa uso.

Mashua imefika. Kibet amekataa kushuka.

Jumatatu, 10 Juni
Ninaogopa. Ninamchukia pia.

Sababu yake ni kwamba hakuna wa kupokea zamu yake. Kabla ya bahari alifanya kazi kwenye kiwanda cha chai, chumba cha boila, kama baba yetu. Huko mtu haachi mashine mpaka mwenzake wa zamu afike, asikilize hali yake yote, aseme "Nimepokea." Baba aliwahi kukaa zamu mbili na malaria akingoja neno hilo. Alisifiwa kwa hilo hadi kaburini. Afisa wa bandari hatalisema. Akilisema, meli inakuwa mzigo wake.

"Sasa nimwachie nani, dada? Samaki?"

Nimemtukana. Amekata simu.

Jumanne, 11 Juni
Upepo mkali huko. Sahani zimemwagika jikoni mwa meli. Nimekwenda Kimulot.

Mama alikuwa katikati ya chai, kikapu mgongoni. Nimemweleza yote niliyokuwa nimemficha. Hakunilaumu. Ameniambia nipige simu.

"Kibet, ni mama. Hiyo meli inalalia wapi?"

"Kushoto, mama."

"Nini kinavuja?"

Akatoa ripoti. Valvu, matangi, nanga, milango aliyofunga na ule uliokataa kufunga. Mama alisikiliza hadi mwisho, majani mabichi bado mkononi.

"Haya. Nimepokea. Toka."

 

"Umepokea?"

"Nimepokea, wewe! Ama unataka nije na gumboots? Toka kwa mashine ya watu."

Mashua ilimchukua kabla ya giza.

Alhamisi, 13 Juni
Meli imepinduka alfajiri. Hakukuwa na mtu ndani. Kibet amenipigia kutoka hosteli ya mabaharia.  Nimemsikia akipumua.

Jumamosi, 15 Juni
Kimulot tena. Ukungu. Nimemwambia Mama kuhusu meli. Vidole vyake vimesimama kidogo juu ya majani.

"Basi imeanguka kwa zamu yangu," amesema. "Mwambie alale."

Nimempigia palepale, nikamwambia. Mama alikuwa ameshahamia mstari mwingine, anachuma.